Cienciano: Timu ya wanafunzi wa milimani iliyozinyang'anya makombe River na Boca, lakini haijawahi kuwa bingwa wa Peru

Chukua hili swali ukalirushe kwenye kundi lako la WhatsApp la soka: Ni klabu gani ya Peru iliyowahi kubeba kombe la bara la Amerika Kusini?

Wengi watakujibu Universitario. Wengine Alianza Lima. Atakayejaribu kuonekana mjanja atasema Sporting Cristal.

Wote wamekosa. Hizo tatu ndizo timu kubwa za nchi hiyo, zote zinatoka mji mkuu Lima, na hakuna hata moja iliyowahi kushinda kombe la bara. Universitario ilifika fainali ya Copa Libertadores mwaka 1972 ikafungwa na Independiente ya Argentina. Sporting Cristal ilifika mwaka 1997 ikafungwa na Cruzeiro ya Brazil. Basi.

Aliyefanya kweli ni Cienciano, timu ya Cusco, mji ulioko juu kwenye milima ya Andes. Na haikuchukua kombe moja, ilichukua mawili ndani ya miezi tisa. La kwanza mbele ya River Plate, la pili mbele ya Boca Juniors.

Sasa sikia maajabu: timu hiyohiyo haijawahi kuwa bingwa wa ligi kuu ya Peru. Hata mara moja.

Imekuwaje? Tuanzie mwanzo.

Jina limetoka darasani

Cienciano si jina la mtu, si la mtaa, wala si la kampuni. Ni jina la wanafunzi.

Pale Cusco kuna shule ya siku nyingi inayoitwa Colegio Nacional de Ciencias, yaani shule ya taifa ya sayansi. Aliyeianzisha ni Simón Bolívar, yule jenerali aliyeongoza vita vya kuwaondoa Wahispania kwenye sehemu kubwa ya Amerika Kusini. Ilikuwa tarehe 8 Julai 1825, Peru ikiwa ndiyo kwanza imepata uhuru.

Mwanafunzi wa shule hiyo anaitwa "cienciano". Ni kama kusema "mtu wa Ciencias".

Mwaka 1901, tarehe ileile 8 Julai, siku ya kumbukumbu ya shule yao, wanafunzi wakaanzisha klabu ya michezo. Hawakuhangaika kutafuta jina. Wakajiita vile walivyokuwa wanaitwa.

Hii ni tofauti kidogo na historia ya klabu nyingi za bara hilo. Kule soka lilishuka na Waingereza: mabaharia bandarini, wafanyakazi wa reli, makarani wa kampuni. Ndiyo maana Argentina kuna timu zenye majina ya Kiingereza hadi leo, River Plate na Boca Juniors zikiwemo. Cienciano ilizaliwa mbali na bandari, milimani, mikononi mwa vijana wa shule.

Hadi leo mtu wa Cusco anaweza kukwambia yeye ni cienciano na ukashindwa kujua kama anazungumzia shule aliyosoma au timu anayoshabikia. Mara nyingi ni vyote viwili.

Cusco na Lima, ugomvi ulioanza kabla ya mpira

Huwezi kuielewa Cienciano bila kuielewa Cusco.

Kabla Wahispania hawajafika, Cusco ndio ulikuwa makao makuu ya himaya ya Inka. Huko ndiko walikokaa watawala, huko ndiko barabara zote zilikoanzia. Watalii wanaokwenda Machu Picchu leo wengi wao wanapitia hapo.

Wahispania waliingia Cusco mwaka 1533. Lakini hawakuutaka kama makao yao. Walihitaji mji ulio karibu na bahari, ambapo meli zinafika kirahisi. Mwaka 1535 Francisco Pizarro akaanzisha Lima, huko pwani.

Tangu hapo kila kitu kikahamia pwani. Serikali, pesa, vyuo, magazeti, baadaye redio na televisheni. Cusco ukabaki mji wa historia na wa lugha ya Kiquechua, mji unaopigwa picha sana na kusikilizwa kidogo.

Kwa barabara, kutoka Lima hadi Cusco ni zaidi ya kilomita 1,000, na ni milima mitupu. Unapoambiwa timu ya mkoani imeifunga timu ya Lima, elewa kwamba kwa watu wa Cusco hiyo siyo habari ya pointi tatu tu.

Ligi ya taifa ambayo haikuwa ya taifa

Kuna jambo ambalo hata mashabiki wengi wa soka hawalijui.

Ligi ya Peru ilianza mwaka 1912. Lakini kwa zaidi ya miaka 50 ilichezwa na timu za Lima na mji jirani wa bandari, Callao. Timu za mikoani hazikuwemo. Ni mwaka 1966 tu ndipo milango ilifunguliwa na ligi ikawa ya nchi nzima.

Ubingwa wa miaka hiyo ya nyuma leo unahesabiwa kama ubingwa wa Peru. Kwa hiyo mtu akikuonyesha orodha ya mabingwa na kukuuliza mbona timu za mikoani hazipo, jibu ni rahisi: kwa nusu karne hazikualikwa.

Cienciano ilikuwepo miaka yote hiyo, ikicheza ligi ya mkoa wake, ikisikiliza ya Lima redioni kama watu wengine.

Mwaka 1967 likaanzishwa Copa Perú, shindano refu linaloanzia ngazi ya wilaya, linapanda mkoa, hadi taifa. Wakati ule bingwa alikuwa anapanda ligi kuu. Cienciano ilipanda kupitia shindano hilo, na 1974 ikacheza na wakubwa kwa mara ya kwanza, miaka 73 baada ya kuzaliwa.

Haikukaa moja kwa moja. Ilishuka, ikarudi, ikahangaika. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, ukimwambia mtu wa Buenos Aires jina Cienciano angekuuliza ni dawa ya nini.

2003: Kikosi cha "wazee" chaanza safari

Copa Sudamericana ni kombe la pili kwa ukubwa Amerika Kusini. Ukitaka kulinganisha na Ulaya, Copa Libertadores ndiyo Ligi ya Mabingwa yao, na Sudamericana ndiyo Europa yao. Mwaka 2003 ilikuwa inachezwa kwa mara ya pili tu.

Kocha wa Cienciano alikuwa Freddy Ternero, mzaliwa wa Lima, mchezaji wa zamani wa Universitario. Alikuwa na msemo mmoja alioutumia hadi ukageuka wimbo wa nchi nzima: "Sí se puede". Kwa Kiswahili ni neno moja tu: inawezekana.

Kikosi chake ukikitazama kwenye karatasi hakitishi. Straika Germán Carty alikuwa na miaka 35. Kipa Óscar Ibáñez, mzaliwa wa Argentina aliyechukua uraia wa Peru, alikuwa na miaka 36. Kiungo Juan Carlos Bazalar naye 35. Wengi walikuwa wachezaji ambao timu kubwa zilishawaona wameisha, au hazikuwahi kuwaona kabisa.

Walianza kwa kuitoa Alianza Lima. Hiyo peke yake ilitosha kuwa sherehe Cusco.

Wakakutana na Universidad Católica ya Chile. Nyumbani wakaipiga 4-0. Ugenini wakafungwa 3-1, lakini wakapita kwa jumla ya mabao.

Robo fainali wakapangwa na Santos ya Brazil. Usiichukulie poa Santos ile. Ilikuwa bingwa wa Brazil wa 2002, na mwaka huohuo wa 2003 ilicheza fainali ya Libertadores. Ndani yake kulikuwa na vijana wawili waliokuwa gumzo la dunia, Robinho na Diego. Mechi ya kwanza Brazil, sare 1-1. Marudiano Cusco, Cienciano 2-1. Santos nje.

Nusu fainali, Atlético Nacional ya Colombia. Cienciano ikaenda kushinda 2-1 kulekule Medellín, ikarudi nyumbani ikamalizia 1-0.

Timu ya wanafunzi ikawa imetinga fainali. Mpinzani: River Plate.

Fainali: mabao sita Buenos Aires, tisa wamesimama Arequipa

River ile ilikuwa chini ya Manuel Pellegrini, kocha ambaye baadaye alichukua ubingwa wa Uingereza na Manchester City. Ilikuwa na Marcelo Salas, Marcelo Gallardo, na kinda mmoja wa kiungo anayeitwa Javier Mascherano.

Tarehe 10 Desemba 2003, mkondo wa kwanza, kwenye uwanja wa Monumental jijini Buenos Aires. Watu walijiandaa kuona karamu ya mabao, na kweli mabao yalikuja. Ila yalikuja pande zote mbili. Giuliano Portilla alifunga mawili, Carty akaongeza moja, na mechi ikaisha 3-3.

Marudiano yalitakiwa kuwa Cusco. Hapo ndipo likaja pigo.

Shirikisho la soka la Amerika Kusini, CONMEBOL, lilikuwa na masharti ya fainali: uwanja lazima uingize watu 40,000. Uwanja wa Cusco wakati ule haukufika huko. Kwa hiyo mechi kubwa kuliko zote katika historia ya Cusco isingechezwa Cusco.

Ikapelekwa Arequipa, mji mwingine wa kusini mwa Peru, kama kilomita 500 kwa barabara. Mashabiki wakapanda mabasi, wakaenda.

Ijumaa ya tarehe 19 Desemba 2003. Mechi ilikuwa ngumu, ya kubanana, na kadi nyekundu zikaiangukia Cienciano. Dakika ya 78 wakapata mpira wa adhabu karibu na boksi. Mparaguay Carlos Lugo akausogelea, akaupiga, ukaingia. 1-0.

Dakika zilizobaki zilikuwa za kuomba dua. Cienciano ilimaliza mechi ikiwa na wachezaji tisa uwanjani. River ikashambulia, ikapiga krosi, Ibáñez akadaka, mabeki wakaondosha. Filimbi ya mwisho ikalia.

Carty, babu wa miaka 35, akamaliza kama mfungaji bora wa mashindano kwa mabao sita.

Na jambo moja la ajabu likatokea: Lima nayo ilisherehekea. Kwa usiku mmoja mashabiki wa Alianza, Universitario na Cristal walikuwa upande wa timu ya mkoani.

Swali linalowakera: Ni mpira au ni mwinuko?

Ukitaja Cienciano mbele ya shabiki wa Argentina au Brazil, atakujibu haraka: "Aah, wale wanabebwa na mlima."

Tulichambue hili vizuri, maana ndiyo kiini cha mjadala mzima.

Cusco uko takriban mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi. Asilimia ya oksijeni haibadiliki, lakini msukumo wa hewa unashuka hadi kama theluthi mbili ya ule wa pwani. Maana yake kila pumzi unayovuta inakuletea oksijeni kidogo kuliko ulivyozoea.

Mwili wa mgeni unashtuka. Mapigo ya moyo yanaenda mbio, kichwa kinauma, usingizi hauji, miguu inakuwa mizito baada ya kukimbia kidogo tu. Mwenyeji mwili wake umeshajipanga kwa muda mrefu, hana habari.

Mpira nao unabadilika. Hewa nyepesi inauzuia kidogo, kwa hiyo unaenda kasi zaidi na haupindi sana. Kipa aliyezoea pwani anajikuta anachelewa.

Watalii wakifika Cusco hupewa chai ya majani ya koka ili kutuliza kizunguzungu. Kwa mwanasoka hiyo ni hatari, maana inaweza kumletea majibu mabaya kwenye vipimo vya dawa zisizoruhusiwa michezoni. Timu nyingi ngeni hutumia mbinu nyingine: kufika saa chache kabla ya mechi, kucheza, na kuondoka kabla mwili haujaanza kulalamika. Wenye muda na pesa hufika mapema siku kadhaa ili kuzoea.

Kwa hiyo ndiyo, mwinuko unasaidia. Anayekataa anadanganya. Ile 4-0 dhidi ya Católica, ikifuatiwa na kichapo cha 3-1 ugenini, inaonyesha wazi kwamba kucheza Cusco kulikuwa na faida.

Lakini sasa weka matokeo mengine mezani:

Santos, sare 1-1 huko Brazil, mji wa bandari, hakuna mlima.

Atlético Nacional, ushindi wa 2-1 Medellín, mji ulioko chini sana ukilinganisha na Cusco.

River Plate, sare 3-3 Buenos Aires, karibu kabisa na usawa wa bahari.

River Plate tena, ushindi wa 1-0 Arequipa, ambako ni mita 2,300 na ushee. Ni juu, ndiyo, lakini ni zaidi ya mita 1,000 chini ya Cusco, na Cienciano nayo ilikuwa mgeni pale.

Yaani fainali zote mbili hazikuchezwa Cusco. Kombe lilishindwa bila kukanyaga nyumbani. Kama ni mlima ndio uliowapa ushindi, basi mlima ulisafiri nao kwenye basi.

Mjadala wenyewe haukuishia kwa Cienciano. Mwaka 2007 FIFA ilitangaza kupiga marufuku mechi za kimataifa kwenye viwanja vilivyo juu ya mita 2,500, kwa hoja ya afya ya wachezaji. Nchi za milimani zilichachamaa, Rais wa Bolivia wakati huo, Evo Morales, akaingia mwenyewe uwanjani kucheza mpira milimani ili kupinga. FIFA ikapandisha kiwango hadi mita 3,000, kisha mwaka 2008 ikaisimamisha marufuku hiyo.

Hoja ya watu wa milimani ilikuwa hii: sisi tukishuka pwani kucheza kwenye joto na unyevunyevu, hakuna anayesema hali ya hewa si ya haki. Kwa nini nyumbani kwetu ndiko kuwe kosa?

Boca nayo yaingia kwenye orodha

Bingwa wa Sudamericana hukutana na bingwa wa Libertadores kwenye mechi ya kugombea Recopa, ni kama Ngao ya Jamii ya bara zima. Bingwa wa Libertadores wa 2003 alikuwa Boca Juniors.

Mechi ilichezwa Septemba 2004 huko Fort Lauderdale, Florida, Marekani. Hapo ni pwani kabisa, mlima haupo hata wa kuchora.

Carlos Tevez akaifungia Boca. Muda ukayoyoma, watu wakaanza kukusanya vitu vyao. Dakika za lala salama Rodrigo Saraz akasawazisha. 1-1, ikaenda kwenye matuta, Cienciano ikashinda 4-2.

River na Boca, vigogo wawili wa Argentina, wote wamelala mbele ya timu moja ya mkoani. Hapo ndipo mashabiki wakaipa Cienciano jina linalotumika hadi leo: "El Papá". Baba.

Nyumbani nako mambo yakabadilika. Uwanja wa Cusco, unaoitwa Inca Garcilaso de la Vega, ulipanuliwa ukavuka watu 40,000, na mwaka 2004 ukapokea mechi ya mshindi wa tatu ya Copa América. Jina la uwanja ni la mwandishi wa zamani aliyezaliwa Cusco, baba yake Mhispania, mama yake wa ukoo wa kifalme wa Inka. Watu wa Cusco wanasema huyo ndiye wao: damu mbili, mji mmoja.

Kidonda cha ubingwa wa ndani

Turudi kwenye lile swali la mwanzo. Mbona Baba wa Amerika hana ubingwa wa kwao?

Siyo kwamba hakukaribia. Amekaribia mara tatu.

2001: fainali dhidi ya Alianza Lima. Mwaka huo klabu zote mbili zilikuwa zinatimiza miaka 100, maana Alianza nayo ilizaliwa 1901, miezi michache kabla ya Cienciano. Kila upande ulishinda nyumbani kwake, ikaamuliwa kwa penalti. Alianza ikabeba, tena ikiwa Cusco.

2005: fainali dhidi ya Sporting Cristal. Ikafungwa 1-0.

2006: Alianza Lima tena. Cienciano ilishinda 1-0 Cusco, ikaenda Lima ikapigwa 3-1.

Mara tatu, timu za Lima mara tatu.

Sababu ziko wazi kidogo. Kombe la mtoano linahitaji wiki kadhaa za moto, kikosi kidogo chenye roho kinaweza kufika. Ligi inahitaji mwaka mzima: benchi refu, pesa za kila mwezi, safari za kupanda na kushuka milima kila wiki. Huko wenye wadhamini wakubwa na mashabiki wengi hupumua vizuri zaidi. Haimaanishi haiwezekani, Melgar ya Arequipa na Juan Aurich ya Chiclayo ni timu za mikoani na zimewahi kuwa mabingwa. Lakini ni nadra.

2015: Mwaka wa vifo viwili

Baada ya 2006 moto ulianza kupoa. Wachezaji wa kile kikosi walistaafu au waliondoka. Pesa za makombe ziliisha, matatizo ya fedha yakabaki.

Septemba 2015 Freddy Ternero alifariki dunia kwa saratani akiwa na miaka 53. Baada ya ukocha alikuwa amegeukia siasa, akawa meya wa wilaya ya San Martín de Porres huko Lima. Lakini aliyelia kuliko wote ni Cusco.

Mwaka huohuo Cienciano ikashuka daraja.

Jaribu kuwaza hilo. Klabu pekee ya Peru yenye makombe ya bara, inacheza daraja la pili. Siyo msimu mmoja. 2016, 2017, 2018, 2019. Miaka minne ya viwanja vibovu na mechi ambazo televisheni haina habari nazo.

Katika kipindi hicho ndipo unapoona kama klabu ni watu au ni makombe. Klabu nyingi za mikoani Amerika Kusini zikishuka hivyo hufa, hubadilishwa jina au huuzwa. Cienciano haikufa. Mwaka 2019 ikachukua ubingwa wa daraja la pili ikarudi ligi kuu.

Na bahati ikawacheka. Msimu wa 2020, walioungojea miaka minne, korona ikaingia. Ligi iliporejea, mechi zote zilichezwa Lima bila mashabiki. Timu ya Cusco ilirudi kwa wakubwa, lakini Cusco ikabaki kuitazama kwenye simu.

Baba ana majirani

Usidhani Cusco nzima ni nyekundu, rangi ya jezi ya Cienciano. Kuna Deportivo Garcilaso, klabu iliyoanzishwa mwaka 1957 ikitokana na shule nyingine ya mji huo. Mechi yao na Cienciano ndiyo dabi ya Cusco, na chini ya mpira wenyewe kuna ubishi wa zamani wa shule na shule.

Halafu kuna Cusco FC, iliyoanzishwa 2009 ikiitwa Real Garcilaso, iliyofika robo fainali ya Libertadores mwaka 2013. Mwaka 2023 zote tatu zilikuwa ligi kuu kwa pamoja. Mji mmoja wa milimani, timu tatu. Miaka 60 nyuma ulikuwa hauna hata nafasi moja.

Kwa hiyo Cienciano ni nini hasa?

Ukiangalia kabati lake, ni makombe mawili makubwa na pengo moja kubwa. Ukiangalia historia yake, ni watu walioambiwa mara tatu kwamba hawahusiki: kwanza ligi haikuwa yao, halafu uwanja wao haukufaa kwa fainali, kisha hata hewa wanayovuta ikasemwa si ya haki.

Kila mara walijibu uwanjani, na mara nyingi ugenini.

Kwa mtu wa Lima, Cienciano ni kumbukumbu nzuri ya Desemba 2003. Kwa mtu wa Cusco ni kitu cha kila siku: ni shule aliyosoma babu yake, ni jezi nyekundu kwenye kamba ya kuanikia nguo, ni Jumapili kwenye ngazi za uwanja, shinda au fungwa.

Ule ubingwa wa Peru bado haujaja. Ukikutana na shabiki wa Cienciano ukamtania kuhusu hilo, jiandae. Hatakubishia. Atakuuliza tu timu yako imewahi kufanya nini mbele ya River na Boca.